Mishipa ya Damu Ndani ya Jicho: Matibabu ya Miaka na Kazi ya Kikundi

(Mazungumzo tuliyotoa kwa viongozi wa vikundi vya kujisaidia)



Mara nyingi tukija kwenu kwa habari za macho, huwa tunazungumza juu ya trakoma na mtoto wa jicho. Ni haki, maana upofu mwingi hapa kwetu unatoka huko. Na mtoto wa jicho, ingawa ni ugonjwa, una uzuri wake: mzee anapelekwa hospitali, anapasuliwa, kesho yake bandeji inatolewa na anawaona wajukuu. Kikundi kikifanya harambee moja, kazi imekwisha, watu wanakunywa chai. Leo tunataka kuzungumza juu ya ugonjwa wa macho usiomalizwa na harambee moja. Ugonjwa huu wataka kikundi kinachokutana kila wiki na kuandika daftari, kikundi kama vyenu.

Ugonjwa wenyewe ni kuvimba kwa mishipa ya damu iliyo ndani ya jicho, huko nyuma kabisa. Hauko kwa wingi, na vikundi vingi hapa havijawahi kuwa na mgonjwa wake. Lakini unapoingia katika boma, mara nyingi humshika mtu mwenye nguvu zake, wa miaka 20, 30 au 40 hivi. Ni fundi, ni mwalimu wa chekechea, ni mama mwenye watoto wadogo. Mtu huyo akipoteza macho, si yeye peke yake anayeumia, ni nyumba nzima.

Sasa, ebu tuangalie jicho lilivyo. Mbele kuna kioo, katikati kuna ute mzito kama ule mweupe wa yai, na nyuma kabisa kuna utando mwembamba unaoitwa retina. Picha ya kila tunachoona huangukia hapo. Zamani tulizoea kusema retina ni kama filamu ya kamera, lakini vijana wa siku hizi wamekulia na simu, filamu hawaijui. Basi tuseme ni kama shamba linalomea kuona. Na shamba hilo linanyweshwa na mishipa midogo sana ya damu.

Nyinyi mlio na mradi wa maji mtatuelewa upesi. Bomba likiharibika, kuna mambo matatu yanayoweza kutokea. Kwanza, linaweza kuvuja, na pale chini pakawa matope. Katika jicho, maji ya damu yakivuja na kukusanyika kwenye kiini cha kuonea, mtu huona ukungu, na mistari iliyonyooka huonekana imepinda. Pili, bomba linaweza kuziba, na shamba la mbele likakauka. Sehemu ya retina iliyokosa damu muda mrefu hufa, na ikifa haifufuki. Hapa hatutaki kuwadanganya. Tatu ndilo baya zaidi: watu wa upande uliokosa maji wanajiunganishia mabomba yao wenyewe, dhaifu, ya haraka haraka. Retina yenye njaa ya damu hufanya vivyo hivyo. Huotesha mishipa mipya isiyo na nguvu, ambayo hupasuka na kumwaga damu ndani ya jicho. Siku hiyo mtu anaweza kulala akiona na kuamka jicho moja likiwa giza. Baadaye makovu ya mishipa hiyo huvuta retina mpaka ikabanduka mahali pake, au mishipa hiyo huota mpaka mbele ya jicho, ikaziba njia ya maji na kuleta presha ya jicho yenye maumivu makali.

Lakini kabla ya kufika huko, kwa kawaida hakuna maumivu. Tunarudia, maana hapa ndipo watu wengi hupotelea. Jicho lenye vumbi huuma, na jicho lenye mchanga halimpi mtu usingizi. Mishipa ya retina ikivimba, mara nyingi jicho ni jeupe kabisa, halitoi machozi wala tongotongo. Mtu anaona tu vitu kama nzi au nyuzi za buibui zikielea mbele yake, hasa akitazama mbinguni au ukuta mweupe. Au anaona doa jeusi lisiloondoka, au kuona kwenyewe kumefifia. Na jicho lile lingine likiwa zima, linamfunika mwenzake. Mtu anaenda shambani, anahesabu pesa, anaendesha baiskeli, hajui kwamba amebaki na jicho moja. Wengine hugundua siku vumbi limeingia katika jicho zima, wakalifunga, wakaona giza.

Husababishwa na nini? Wakati mwingine ni vijidudu. Kifua kikuu kinaweza kugusa jicho hata kwa mtu asiyekohoa. Kaswende pia, na hii tunaitaja bila haya kanisani, kwa sababu kipimo chake ni rahisi, dawa yake ni penisilini ya miaka mingi, na ni huzuni mtu kupofuka kwa ugonjwa unaotibika kwa sindano. Kuna kijidudu cha toksoplasma, kinachotoka kwenye mavi ya paka na nyama isiyoiva vizuri. Kuna virusi vya jamii moja na tetekuwanga. Na kwa mtu mwenye virusi vya ukimwi ambaye kinga yake imeshuka sana, kuna kirusi kiitwacho saitomegalo ambacho hula retina kwa wiki chache tu. Ndiyo sababu mtu aliyeacha dawa za ukimwi akianza kuona vivuli, hiyo ni haraka ya siku hiyo hiyo.

Wakati mwingine hakuna kijidudu. Askari wa mwili, wale wanaotulinda, wanakosea na kushambulia mishipa ya mwili wao wenyewe. Na kuna wagonjwa ambao hupimwa kila kitu na sababu isionekane. Kisukari nacho huharibu mishipa ya retina, ila kwa njia yake nyingine, na mwenye sukari achunguzwe macho kila mwaka hata akiona vizuri. Hilo ni somo la siku nyingine.

Kwa nini tunasumbuka na sababu? Kwa sababu dawa za kumtuliza askari wa mwili zinaweza kumpa nguvu kijidudu. Ukimpa mtu mwenye kifua kikuu steroidi peke yake, umemfungulia mwizi mlango. Kwa hiyo daktari akiagiza damu ipimwe na picha ya kifua ipigwe, wakati mgonjwa analalamika kwamba yeye amekuja kwa jicho tu, tafadhali msimsaidie kulalamika.

Sasa tuje kwenye jambo lililotuleta: huyu mgonjwa, miaka 5 au 10 kutoka leo, atakuwa anaona?

Madaktari wamelifuatia swali hili katika nchi nyingi. Mwaka 1880 daktari Henry Eales wa Birmingham, Uingereza, aliandika habari za vijana wa kiume waliokuwa wakivuja damu ndani ya jicho mara kwa mara. Ugonjwa huo ukaitwa kwa jina lake, na baadaye ukahusishwa na kifua kikuu. Leo unaonekana sana India na nchi jirani zake. Huanza katika jicho moja, na mara nyingi jicho la pili nalo huguswa baadaye. Lakini wengi wanaofuatiliwa vizuri, wakapigwa leza kwa wakati, hubaki na kuona kwa kutosha kufanya kazi.

Ugonjwa wa pili ni ule ulioelezwa na daktari Hulusi Behçet wa Istanbul, Uturuki, mwaka 1937. Unaleta vidonda mdomoni na sehemu za siri, na unawasha moto mishipa ya macho. Unapatikana zaidi Uturuki, Irani na Japani. Huku kwetu ni nadra. Tunautaja kwa sababu una fundisho. Zamani wagonjwa wengi wa macho wa ugonjwa huo walipofuka katika miaka michache tu. Halafu mwaka 1990 madaktari wa Istanbul, wakiongozwa na Hasan Yazici, walitoa matokeo ya jaribio la miaka 2. Wanaume zaidi ya 70 waligawanywa, wengine wakapewa vidonge vya azathioprini, wengine vidonge vya kufanana navyo visivyo na dawa. Waliopewa dawa walilindwa macho zaidi. Mpaka hapo si ajabu. Jaribio likaisha, kila mmoja akaendelea kutibiwa kadiri madaktari walivyoona. Mwaka 1997 madaktari hao wakaandika tena, baada ya kuwatafuta wagonjwa wale wale miaka mingi baadaye. Wale waliokuwa wameanza na dawa tangu mwanzo, wachache zaidi kati yao walikuwa wamepofuka. Yaani ile miaka 2 ya kwanza ilikuwa bado inaonekana machoni mwao!

Mkulima hashangai hapa. Mahindi yaliyokosa palizi ya kwanza, hata ukiyapalilia vizuri baadaye, hayawi kama yale mengine. Kila mara mishipa inapovimba inaacha kovu dogo. Kovu moja halimfanyi mtu kipofu. Makovu kumi ni hadithi nyingine. Ndiyo maana daktari hatafuti tu jicho lipone leo, anatafuta lisivimbe tena mwaka huu, na mwaka ujao.

Na hapo ndipo wagonjwa wetu wanapoanguka. Mwezi wa kwanza familia nzima inashughulika. Shangazi ameuza kuku, mjomba ametuma pesa kwa simu, kanisa limechanga. Mgonjwa anapewa prednisoloni, na katika wiki chache ukungu unaondoka. Furaha! Sasa nauli ya kurudi kliniki inaonekana ni hasara, kwani jicho si limepona? Vidonge navyo vinamvimbisha uso, vinampa njaa, havimpi usingizi. Anaviacha. Baada ya miezi michache moto unawaka tena, na safari hii anarudi akiwa na damu ndani ya jicho.

Tuseme wazi juu ya prednisoloni. Ni dawa nzuri na ni dawa kali. Ikitumika muda mrefu inaweza kupandisha sukari na presha, kulegeza mifupa, kuleta mtoto wa jicho na presha ya jicho. Kwa hiyo daktari huipunguza pole pole, na kama ugonjwa ni wa miaka anaweka dawa nyingine mahali pake, kama hiyo azathioprini, ambayo yataka damu ipimwe kila baada ya muda. Lakini kuikatisha ghafla mwenyewe ni hatari nyingine. Mwili uliozoea kupewa dawa hii huwa umeacha kutengeneza yake. Mtu anaweza kuishiwa nguvu, akazimia, hata akafa. Dawa ikikuchosha, mwambie daktari akupunguzie.

Mwenye kutibiwa kifua kikuu cha jicho naye ajue kwamba dawa zake katika hospitali za serikali ni za bure, na ni za miezi 6 au zaidi, si mpaka hapo atakapojisikia nafuu. Moja ya dawa hizo, ethambutoli, kwa watu wachache inaweza kudhuru mshipa wa kuonea. Rangi zikianza kufifia, nyekundu ikawa kama imepauka, aende kliniki mara moja na aeleze. Asikae nyumbani, na asiziache zote kimya kimya.

Matone ya duka la dawa je? Matone mengi hayafiki huko nyuma kwenye retina ipasavyo, na yale ya steroidi, ukijitilia miezi na miezi, yanaweza kupandisha presha ya jicho mpaka kupofusha. Juu ya majani na maziwa ya mama hatutasema mengi. Mnajua tunavyosema kila mwaka.

Jambo lingine linatuuma. Mtu anaombewa, anajisikia amepona, anavitupa vidonge chooni. Ndugu zetu, maombi na vidonge havigombani. Yule kipofu wa Bethsaida katika Injili ya Marko aliguswa na Bwana mara mbili ndipo akaona sawasawa, na hakuna aliyemcheka kwa kuguswa mara ya pili. Hatutaki kugeuza Injili kuwa somo la dawa. Tunawaomba wachungaji tu, mkiwaombea wagonjwa, waambieni pia tarehe ya kliniki ni lini.

Kikundi basi kitafanya nini? Wacha tufanye hesabu. Tuseme mko wanachama 20, na kila mmoja anatoa shilingi 20 kwa wiki mbali na pesa za mzunguko. Hizo ni shilingi 400 kwa wiki, na kwa mwaka ni shilingi 20,800. Tuseme mgonjwa wenu anatakiwa kliniki kila baada ya miezi 2, na nauli ya kwenda na kurudi ni shilingi 1,500 kwa mtu mmoja. Lazima awe na mtu wa kumsindikiza, maana hospitalini watamtilia matone ya kupanua mboni na kwa saa kadhaa hataona vizuri. Huyo si mtu wa kuvuka barabara peke yake wala kuendesha pikipiki. Basi safari moja ni shilingi 3,000, safari 6 ni shilingi 18,000. Mmebaki na 2,800 za kusaidia vipimo. Hakuna aliyeuza ng'ombe. Nauli za kwenu mnazijua wenyewe, rekebisheni hesabu. Tumeona harambee kubwa zikichangwa kumpeleka mtu hospitali ya mbali mara moja, kwa magari na vipaza sauti, na mwaka uliofuata hakuna wa kumpa nauli ya matatu. Sisi tungechagua hizi shilingi 20.

Wengine watauliza, kwani mgonjwa wa kikundi kingine atafaidi nini? Mfuko huu wa nauli si wa macho peke yake. Mwenye kifafa, mwenye sukari, mwenye presha, wote ni watu wa kliniki ya miaka. Mkiwa na mfuko mmoja kwa wote, hakuna atakayesema fulani anakula pesa zetu.

Kuhusu mahali pa kwenda, anzeni na dispensari au hospitali ya karibu, mpewe barua. Hospitali zenye idara kubwa za macho zipo: Kenyatta pale Nairobi, Kikuyu ya kanisa la PCEA, Sabatia kule Vihiga, na nyinginezo. Kabla ya kusafiri ulizeni siku ya kliniki ya retina, maana si kila siku, na ni uchungu kufika jioni ukaambiwa rudi Alhamisi. Tangu Oktoba 2024 mambo ya NHIF yalihamia SHA. Hakikisheni mgonjwa amesajiliwa, na ulizeni mapema ni nini kinacholipiwa. Kuna sindano za kisasa za kutuliza kinga, kama adalimumabu, ambayo Marekani na Ulaya ziliikubali kwa magonjwa ya namna hii mwaka 2016. Zinasaidia wengi walioshindwa na vidonge. Ni ghali, na zinaweza kuamsha kifua kikuu kilicholala, kwa hiyo kipimo cha kifua kikuu hutangulia. Msianze kuchangia sindano kabla daktari hajasema inahitajika.

Na kama jicho limeshaharibika? Leza huzuia mishipa dhaifu isiendelee kuota. Haimrudishii mtu nuru iliyopotea. Damu iliyomwagika ndani ya jicho wakati mwingine husafishwa kwa upasuaji na mtu akaona tena. Sehemu iliyokufa hairudi. Familia ziambiwe hivyo mapema, zisiuze shamba kumfuata mtu anayeahidi vinginevyo. Aliyebaki na kuona kidogo anaweza kusaidiwa kwa miwani maalumu na vioo vya kukuza maandishi, na Machakos kuna chuo cha ufundi cha wasioona. Asitolewe katika kikundi. Mweka hazina asiyeona vizuri anaweza kuwa mjumbe wa kamati, akili yake haijaingia ukungu.

La mwisho ni kipimo cha nyumbani, na hili tungependa mlijaribu leo hapa. Chukua ukurasa wa daftari la hesabu la watoto, lile la vijisanduku. Weka nukta moja nyeusi katikati. Ubandike ukutani penye mwangaza wa kutosha, usogee karibu kama mtu anayesoma kitabu, uvae miwani ya kusomea kama unayo. Funika jicho la kushoto kwa kiganja bila kulibonyeza, tazama ile nukta kwa jicho la kulia. Halafu badilisha. Mistari ikionekana imepinda, au vijisanduku vingine havipo, au kuna ukungu sehemu moja, andika tarehe na uende ukaonwe wiki hiyo. Mgonjwa anayefuatiliwa afanye hivyo kila Jumapili kabla ya ibada, na jirani amkumbushe. Lakini nzi wengi wakitokea ghafla, au miali kama radi, au kitu kama pazia kikishuka upande mmoja, usingoje Jumapili wala tarehe ya kliniki. Ni siku hiyo hiyo, hata kama mfuko wa nauli una shilingi mia mbili tu, mwenyekiti akope.

Karatasi za vijisanduku ziko hapa mezani, zimeshatiwa nukta. Katibu wa kila kikundi achukue kumi kabla ya chai, na aandike jina la kikundi chake kwenye orodha.